Fuata Sodiamu: Niliyojifunza Katika Miaka Yangu na Seli

Mwaka wa kwanza wa masomo ya afya tulikuwa na madaftari matatu: la seli, la fiziolojia na la baiokemia. Kila somo lilikuwa na mwalimu wake, mtihani wake na msamiati wake, na wengi wetu tuliyabeba hivyo hivyo, matatu, hadi mwaka ukaisha. Utando wa seli ulikaa kwenye daftari la kwanza, mapigo ya moyo kwenye la pili, mzunguko wa Krebs kwenye la tatu. Siku hizi nafundisha wanafunzi wanaoanza, na siku ya kwanza huwa nawaambia jambo moja: chagua kitu kimoja kidogo, kifuate kila kinakokwenda mwilini, na usikiache mpaka ujue kinasukumwa na nini. Mimi nilifuata sodiamu.

Aliyenianzisha ni mwalimu wetu wa fiziolojia. Aliingia darasani, akaandika ubaoni namba nne. Nje ya seli: sodiamu 145, potasiamu 4. Ndani ya seli: sodiamu 12, potasiamu 140. Kipimo ni milimoli kwa lita, na namba za ndani hutofautiana kidogo kati ya seli na seli. Kisha akatutaka tukaeleze kwa nini tofauti hiyo haiishi maadamu mtu yu hai, ilhali kila kitu kilichoyeyuka kwenye maji hutawanyika kutoka penye kingi kwenda penye kichache. Hakutupa kurasa za kusoma. Tulibaki tunatazamana, tukaanza kuchora.

Jibu la kwanza liko kwenye utando. Umejengwa kwa tabaka mbili za fosfolipidi, kila molekuli ikiwa na kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Vichwa vinaelekea maji ya nje na maji ya ndani, mikia inajificha katikati. Unene wake wote hauzidi nanomita 10. Kitu cha kupita hapo bila msaada sharti kikubali kuzama kwenye mafuta. Oksijeni inapita, kabonidioksidi inapita, homoni za jamii ya steroidi zinapita. Ioni ya sodiamu haipiti, kwa sababu ina chaji na imezungukwa na molekuli za maji zilizoing'ang'ania. Kuivua maji hayo ili iingie kwenye mafuta kunadai nishati kubwa mno. Glukosi haina chaji, lakini ni kubwa na inapenda maji, kwa hiyo nayo inangoja protini ya kuipitisha.

Namna tabaka hizo mbili zilivyogunduliwa inanifurahisha hadi leo. Mwaka 1925 Gorter na Grendel, nchini Uholanzi, walitoa mafuta kwenye seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji mpaka yakawa tabaka moja, wakapima eneo lake. Lilikuwa karibu mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Seli nyekundu za mamalia zilifaa mno kwa kazi hiyo, kwani zikishakomaa hazina kiini wala mitokondria (vyumba vya seli vya kuzalisha nishati), na mafuta yote yanatoka kwenye utando mmoja wa nje. Baadaye ilibainika kwamba hawakufanikiwa kutoa mafuta yote, na pia walilikadiria eneo la seli kuwa dogo kuliko lilivyo. Makosa hayo mawili yakafutana, jibu likasimama. Mwaka 1972 Singer na Nicolson walileta picha ya protini zinazoelea ndani ya mafuta hayo, na ndiyo picha tunayochora mpaka sasa.

Lakini utando peke yake haujibu swali la ubaoni. Kwenye utando huo kuna protini zinazovujisha ioni, kidogo kidogo, saa zote. Bila kitu cha kurudisha kinachovuja, tofauti ile ingefutika. Kitu hicho ni pampu ya sodiamu na potasiamu. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Denmark, akitumia neva za miguu ya kaa, alieleza kimeng'enya kinachovunja ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kwa kasi zaidi pale sodiamu na potasiamu zinapokuwepo pamoja. Kimeng'enya hicho ndicho pampu yenyewe. Kwa kila ATP moja, sodiamu 3 hutolewa nje na potasiamu 2 huingizwa ndani. Fosfeti inayotoka kwenye ATP hujishika kwenye pampu, pampu ikageuka umbo, upande uliokuwa wazi kwa ndani ukafunguka nje, sodiamu zikaachiwa. Potasiamu zikikaa mahali pake, fosfeti hubanduka na pampu hurudia umbo lake la kwanza.

Nilipoichora hatua hiyo kwa mara ya kwanza, madaftari matatu yalikutana kwenye karatasi moja. Protini ya utando ni habari ya seli. Kuvunjwa kwa ATP ni baiokemia. Tofauti ya ioni inayobaki nyuma ndiyo inayoendesha neva, misuli, figo na utumbo, na hiyo ni fiziolojia. Hakuna mpaka wa kweli kati yake, kuna ratiba ya chuo tu.

Mfano mmoja wa dawa ulinithibitishia. Digoksini, dawa ya zamani ya moyo, huzuia pampu hiyo. Mwanafunzi anayekariri ataandika "huongeza nguvu ya moyo kusinyaa" na kupata alama. Anayefuata sodiamu atajiuliza: pampu ikizuiwa, sodiamu ya ndani itapanda. Ikipanda, tofauti kati ya nje na ndani inapungua. Kwenye seli ya moyo kuna protini nyingine inayoitegemea tofauti hiyo hiyo, inayoingiza sodiamu 3 ili itoe kalisi 1. Msukumo ukipungua, kalisi inatoka kwa shida, inabaki nyingi ndani, na kalisi ndiyo inayoamuru misuli kusinyaa. Hapo moyo unasinyaa kwa nguvu zaidi. Ukiyapanga hivyo huhitaji kukariri. Tena utajua mwenyewe kwa nini dawa hiyo ina hatari kubwa kwa mtu ambaye potasiamu yake ya damu imeshuka: potasiamu na digoksini hugombea nafasi kwenye pampu ile ile.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo nimewaona wanafunzi wengi wakikwama, mwaka hadi mwaka. Ukiwauliza kwa nini ndani ya neva iliyotulia kuna milivolti hasi 70, karibu wote watasema ni kwa sababu pampu inatoa chaji tatu na kuingiza mbili. Ni kweli kwamba inatoa moja zaidi, lakini mchango wake wa moja kwa moja ni milivolti chache tu. Kazi kubwa inafanywa na potasiamu inayovuja.

Hapo huwa naomba karatasi. Chora seli. Ndani potasiamu 140, nje 4. Fungua mlango wa potasiamu peke yake. Potasiamu inaanza kutoka, na kila inayotoka inaacha chaji hasi nyuma yake, kwa sababu protini na fosfeti zenye chaji hasi haziwezi kuifuata. Chaji hasi inaanza kuivuta potasiamu irudi. Inafika mahali mvuto wa kurudi unalingana na msukumo wa kutoka. Mahali hapo panahesabika kwa kanuni ya Nernst: katika joto la mwili, 61 mara logi ya mkolezo wa nje uliogawanywa kwa mkolezo wa ndani. Kwa potasiamu, 4 kwa 140, unapata kama hasi 94. Kwa sodiamu, 145 kwa 12, unapata kama chanya 66. Neva iliyotulia ina milango mingi ya potasiamu iliyo wazi na michache sana ya sodiamu, ndiyo maana inakaa hasi 70, karibu na namba ya potasiamu. Milango ya sodiamu ikifunguka ghafla, volti hukimbilia upande wa namba ya sodiamu, na huo ndio msukumo wa neva. Hodgkin na Huxley waliupima kwenye neva nene ya ngisi na kuuandikia hesabu yake mwaka 1952.

Kinachowashangaza wanafunzi zaidi ni kwamba katika msukumo mmoja ioni zinazovuka ni chache mno kulinganisha na zilizopo. Mikolezo ya ndani na nje haibadiliki kiasi cha kupimika kirahisi. Wengi wanadhani pampu inapaswa kufanya kazi haraka baada ya kila msukumo ili neva iweze kutuma mwingine. Si hivyo. Neva nene ambayo pampu yake imezuiwa inaweza kuendelea kutuma misukumo mingi kabla ya kuishiwa, kwani ina akiba kubwa ya tofauti. Pampu inalinda akiba, haitumi ujumbe.

Sasa badilisha namba moja tu kwenye karatasi ile. Potasiamu ya nje iwe 8 badala ya 4. Piga hesabu tena: inatoka kama hasi 76. Kwa kuongeza milimoli 4 tu umesogeza volti kwa zaidi ya 15. Ongeza milimoli 4 za sodiamu nje, 145 iwe 149, na karibu hakuna kitakachosogea. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini potasiamu ya damu inalindwa kati ya takriban 3.5 na 5, na kwa nini ikipanda sana moyo unaweza kusimama.

Nikiwa kwenye mafunzo ya wodini niliona hesabu hiyo ikiwa kazini. Maabara ilipiga simu kwamba potasiamu ya mgonjwa mmoja ni 7.1. Mgonjwa mwenyewe alikuwa ameketi kitandani anazungumza na jirani yake. Daktari wa zamu aliagiza kipimo cha umeme wa moyo papo hapo, na wakati mashine inaletwa, muuguzi mmoja mzoefu aliuliza maabara swali fupi: sampuli ina rangi gani? Waliitazama tena. Plazma, ambayo huwa na rangi ya manjano hafifu, ilikuwa nyekundu. Seli nyekundu zilipasuka wakati damu inavutwa kwa sindano nyembamba, na kwa kuwa kila seli imebeba potasiamu nyingi ndani, yote ilimwagika kwenye plazma. Kipimo cha moyo kilitoka cha kawaida, damu ikachukuliwa upya kwa uangalifu, namba ikarudi 4.3. Yule muuguzi hakutaja utando wala pampu, lakini swali lake lilikuwa ni ule ubao wa namba nne. Jioni hiyo nilikaa na mwenzangu tukaorodhesha sababu nyingine zinazoweza kuipandisha namba hiyo kwa uongo, na moja ilitupendeza sana: damu iliyokaa kwenye friji. Baridi hupunguza kasi ya pampu, uvujaji unaendelea, potasiamu inatoka taratibu. Ndiyo sababu damu iliyohifadhiwa benki kwa wiki kadhaa huwa na potasiamu nyingi kwenye maji yake.

Kwenye wodi ya watoto ndiko sodiamu ilikonifundisha zaidi. Mama mmoja alikuwa anamnywesha mtoto wake ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, kwa kijiko. Mtoto alikuwa anaharisha, macho yameingia ndani. Aliponiona nimevaa koti jeupe aliniita.

"Daktari, samahani. Mtoto anaharisha, na humu mmetia sukari. Sukari si itamzidishia?"

Nilimwambia mimi bado mwanafunzi, kisha nikachutama kando ya kitanda. "Mama, umeuliza vizuri. Sukari hii haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Utumbo wa mtoto umeshindwa kushika maji, lakini kuna njia moja haijaharibika. Njia hiyo inafunguka sukari na chumvi zikija pamoja. Zikipita, maji yanazifuata."

"Kwa hiyo chumvi peke yake haitoshi?"

"Haitoshi, mama. Na sukari ikizidi kipimo nayo inavuta maji upande wa utumbo, ndipo anapoharisha zaidi. Ndiyo maana tunachanganya kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti."

Alitikisa kichwa, akaendelea na kijiko. Nami nilirudi kwenye daftari kuandika kile nilichomwambia kwa lugha ya darasani, kwa sababu mtu akikuuliza hivyo na ukaweza kumjibu, ni vizuri kuhakikisha unaujua mzizi wa jibu lako.

Mzizi ni huu. Seli za ukuta wa utumbo mwembamba zina pande mbili zisizofanana, mmoja unaoelekea chakula na mwingine unaoelekea damu. Pampu ya sodiamu iko upande wa damu. Inatoa sodiamu bila kuchoka, ndani ya seli sodiamu inabaki chache. Upande wa chakula kuna protini iitwayo SGLT1 inayobeba sodiamu 2 pamoja na glukosi 1. Sodiamu inaporomoka kuelekea penye uchache, na katika kuporomoka kwake inaiburuta glukosi hata kama ndani glukosi ni nyingi kuliko nje. Glukosi inatokea upande wa damu kwa protini nyingine, sodiamu inatolewa na pampu, maji yanafuata kwa osmosisi. SGLT1 yenyewe haigusi ATP. Inaishi kwa jasho la pampu iliyo upande wa pili. Wazo hilo la sodiamu na glukosi kusafiri pamoja lilitolewa na Robert Crane mwaka 1960, kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Prague.

Sasa kiweke kipindupindu kwenye mchoro huo. Sumu ya bakteria wake inaingia kwenye seli na kuikwamisha swichi inayotengeneza cAMP, molekuli ya kupeleka ishara ndani ya seli, swichi ikabaki imewashwa. cAMP ikipanda, mlango wa kloridi upande wa chakula unabaki wazi. Kloridi inamwagika kwenye utumbo, sodiamu inaifuata kwa ajili ya chaji, maji yanafuata yote mawili, na mgonjwa anaweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja. Lakini SGLT1 haikuguswa. Kinywaji chenye sodiamu na glukosi kwa uwiano mzuri kinapitia njia hiyo iliyo nzima. Fomula inayopendekezwa na WHO na UNICEF tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ina sodiamu milimoli 75 na glukosi milimoli 75 kwa lita, jumla ya osmolariti (mkolezo wa vyote vilivyoyeyuka) 245, chini kidogo ya ile ya damu. Kila namba hapo ina sababu yake, na sababu zote ziko kwenye karatasi moja yenye seli moja yenye pande mbili. Watoto wengi wapo hai leo kwa sababu watu walifuata sodiamu mpaka upande wa pili wa seli. Nikilifundisha somo hili sauti yangu hubadilika, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Lakini ATP ya pampu inatoka wapi? Swali hili linakupeleka kwenye mitokondria, na huko unakuta tofauti nyingine ya mkolezo, safari hii ya protoni. Elektroni zilizovunwa kwenye chakula, zikibebwa na NADH na FADH2, hupitishwa kwenye mfululizo wa protini za utando wa ndani hadi kwa oksijeni, ambayo hugeuka maji. Njiani nishati yake inatumika kusukuma protoni nje ya utando huo. Protoni zikirudi, zinapita kwenye kimeng'enya kinachounda ATP na kukizungusha kweli kweli, kama maji ya bwawa yanavyozungusha mtambo wa umeme. Peter Mitchell alipolitoa wazo hilo mwaka 1961 wengi walilikataa. Walikuwa wanatafuta kemikali fulani ya kati yenye nishati kubwa, na haikupatikana. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1997 Nobel ya kemia ikagawanywa kati ya watu watatu: Boyer na Walker kwa kueleza kimeng'enya kinachounda ATP, na Skou kwa pampu inayoitumia. Sijui kama waliowachagua walikusudia, lakini kwa mwalimu hakuna namna bora ya kuyafungamanisha masomo hayo mawili.

Mwili una akiba ndogo sana ya ATP wakati wowote, lakini kwa siku moja kiasi kinachotengenezwa na kuvunjwa tena na tena kinakaribia uzito wa mwili mzima. Kwa hiyo usiifikirie ATP kama ghala. Inazunguka.

Wanafunzi hunijia na malalamiko kwamba kitabu kimoja kinasema glukosi moja inatoa ATP 38, kingine 36, kingine 32, kingine 30. Vitabu vya zamani vilihesabu ATP 3 kwa kila NADH na 2 kwa kila FADH2. Vipimo vya baadaye, vilivyozingatia protoni zinazohitajika kuunda ATP na kuitoa nje ya mitokondria, vimeshusha hadi 2.5 na 1.5. Glukosi moja inatoa NADH 10 na FADH2 mbili, hivyo 25 na 3, ukijumlisha 4 zinazopatikana moja kwa moja unapata 32. Inakuwa 30 kama NADH mbili za nje ya mitokondria zimeingizwa kwa njia inayozigeuza kuwa FADH2. Ukiweza kueleza hivyo, mtihani wenye namba yoyote kati ya hizo hautakutisha.

Seli nyekundu tena: hazina mitokondria, kwa hiyo zinaibeba oksijeni ya mwili mzima bila kuitumia hata kidogo. ATP yake yote inatoka kwenye glikolisisi, njia ya kuvunja glukosi isiyohitaji oksijeni, 2 kwa kila glukosi, na mabaki yake ni laktati. Kwa sababu hiyo damu iliyoachwa kwenye chupa huendelea kula sukari yake, na kipimo kikicheleweshwa kinasoma chini kuliko ukweli. Chupa ya kupimia sukari hutiwa floraidi, inayozuia kimeng'enya kiitwacho enolasi katika hatua za mwisho za glikolisisi. Wanafunzi wanaoona hatua kumi za glikolisisi kama adhabu huwa naanzia nao hapo, kwenye enolasi, kwa kuwa ni hatua wanayoweza kuishika mkononi.

Kuhusu vimeng'enya nitasema machache. Namba ya kimeng'enya iitwayo Km watu huikariri kama tafsiri ya kamusi: mkolezo unaofikisha kasi kwenye nusu ya upeo. Iweke kando ya namba ya mwilini ndipo itazungumza. Sukari ya damu asubuhi kabla ya kula ni kama milimoli 5 kwa lita. Heksokinasi ya ubongo, kimeng'enya kinachoishika glukosi ikiingia kwenye seli, ina Km iliyo chini ya 0.1, kwa hiyo imeshiba muda wote. Sukari ikipanda au ikishuka kidogo, kasi yake haibadiliki. Glukokinasi ya ini, ndugu yake, hufikia nusu ya kasi yake karibu na 8, hivyo inaongeza kazi baada ya kula na kupunguza wakati wa njaa. Ubongo unachukua kwanza, ini linaweka akiba kinachozidi. Mpangilio wote huo umeandikwa kwenye namba mbili.

Kwenye figo nilishangaa kukuta wenyeji wale wale. Figo huchuja kama lita 180 kwa siku, zenye sodiamu takriban milimoli 25,000, na zaidi ya asilimia 99 yake inarudishwa. Anayerudisha ni pampu, tena upande wa damu wa seli, na sehemu nyingi za mrija wa figo zina protini zao upande wa mkojo zinazotumia mporomoko wa sodiamu kubeba kitu kingine. Furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, inazuia mojawapo, ndipo mgonjwa anakojoa sana. Kundi moja la dawa za kisukari linazuia SGLT2, ndugu wa ile ya utumbo, sukari ikatoka na mkojo. Mwanafunzi aliyeelewa utumbo anaielewa figo kwa nusu ya muda.

Kuna vitu vya kukariri, sikatai. Namba nne za ubaoni zikae kichwani. Chaji za asidi amino, majina ya vimeng'enya vinavyodhibiti njia kuu, pH ya damu kati ya 7.35 na 7.45. Bila hivyo huna cha kufikiria nacho. Ila kariri ukiwa na karatasi tupu mbele yako, si kitabu kilichofunuliwa. Chora seli, weka pande zake mbili, andika mikolezo, chagua kitu kimoja na useme kwa sauti: kiko wapi kwa wingi, kina chaji gani, kinapita kwenye protini ipi, nishati yake inatoka wapi. Ukikwama, mahali ulipokwama ndipo pa kusoma usiku huo. Msomee mwenzako anayekuuliza maswali, yule anayekubali kila kitu mwache apumzike.

Swali ninalowapa mwishoni mwa muhula ni moja, na nawaruhusu kuja na vitabu vyote. Mshipa unaolisha sehemu ya moyo umeziba. Eleza kinachotokea kwenye seli moja ya misuli ya moyo. Wanaoanza vizuri huanza na oksijeni: hakuna wa kupokea elektroni, mfululizo wa mitokondria unasimama, protoni hazisukumwi, ATP inashuka ndani ya dakika chache. Glikolisisi inajaribu kufidia, laktati inajaa, pH ya ndani inashuka. Pampu inapungua kasi. Sodiamu inapanda ndani, potasiamu inavuja nje, volti ya seli inasogea na mdundo wa moyo unavurugika. Maji yanafuata sodiamu, seli inavimba. Ile protini inayotoa kalisi kwa msukumo wa sodiamu inashindwa, kalisi inajaa, inaamsha vimeng'enya vinavyokula protini na fosfolipidi za seli yenyewe. Katika saa ya kwanza mshipa ukifunguliwa, seli nyingi huokolewa. Ukichelewa, utando unatoboka, na vilivyokuwa ndani vinaingia kwenye damu, ikiwemo troponini, protini ya misuli ya moyo, ambayo maabara huipima kwa kila anayefika na maumivu ya kifua ya kutiliwa shaka.